Hiyo breakthrough imevunja nini?

Barua za mwezi huu zimekusanyika kwenye neno moja la Kiingereza kana kwamba wasomaji walipeana miadi. Nimeziweka pamoja. Ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha pembeni kama kawaida ya safu hii.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi mchanga hapa Dodoma, na kazi yangu kubwa ni kutafsiri habari za mashirika ya nje. Haipiti siku sijakutana na breakthrough. Mhariri wetu ametoa agizo: kila likitokea, tuandike "mafanikio makubwa". Juzi kwenye habari moja ya saratani niliandika "mafanikio makubwa" mara nne, nikajiona kasuku. Maana yake hasa ni nini, na Kiswahili chake sanifu ni kipi?*
Mwandishi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Huyo mhariri wako sijawahi kumwona lakini namjua. Nimekaa chumba cha habari miaka mingi, zamu ya usiku, na kila zamu ilikuwa na mtu wa aina yake: anataka neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza, basi, gazeti liende mtamboni. Simlaumu sana. Saa tano usiku hakuna anayetaka somo la lugha. Ila agizo lake limekunyima kitu, na hicho ndicho ninachotaka kukurudishia.

Tazama umbo la neno kwanza. Break ni kuvunja. Through ni kupita ndani ya kitu mpaka ukatokea ng'ambo. Kwa hiyo anayesema breakthrough amekwisha kukuambia kwamba palikuwa na kitu kimeziba njia, na kwamba aliyezibiwa sasa yuko upande wa pili. Pasipo kizuizi hakuna breakthrough. Kuna maendeleo tu, au bahati.

Kizuizi cha kwanza kabisa kilikuwa cha vita. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kufikia mwisho wa mwaka 1914 majeshi ya Ulaya Magharibi yalikuwa yamejichimbia mahandaki kutoka pwani ya Ubelgiji mpaka mpaka wa Uswisi. Mbele ya mahandaki senyenge, nyuma ya senyenge bombomu. Kwa miaka mitatu na zaidi mstari ule ulisogea kidogo mno, na kila jenerali aliota kitu kimoja: kuupasua, farasi na askari wapite, vita iishe. Waingereza wakakiita kitu hicho breakthrough, Wajerumani Durchbruch. Kwenye mto Somme, Julai 1, 1916, Waingereza walijaribu kuupasua kwa miguu. Siku hiyo moja walipoteza watu zaidi ya 57,000, na kati yao zaidi ya 19,000 walikuwa wamekufa.

Jaribio ambalo ningependa ulikumbuke ni la Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Asubuhi ya Novemba 20, 1917 Waingereza walipeleka vifaru zaidi ya 400 kwa mkupuo mmoja. Senyenge zikalala, mahandaki yakavukwa, na jioni walikuwa wameingia kilomita kadhaa ndani, umbali ambao kwingineko kwenye mstari huo uligharimu miezi. Uingereza kengele za makanisa zikapigwa kwa shangwe. Novemba 30 Wajerumani wakajibu, na baada ya siku chache sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa imerudi mikononi mwao. Ukiona kichwa cha habari kinachoshangilia dawa mpya, jiulize kama wewe pia huzipigi kengele za Cambrai.

Huku kwetu vita hiyohiyo ilikwenda mwendo mwingine kabisa. Sisi wa Tanga simulizi zetu za mapigano ya Novemba 1914 zinawataja nyuki kuliko majenerali, maana waliwashukia askari bila kuuliza nani wa upande gani. Baada ya hapo hapakuwa na ukuta mrefu wa mahandaki wa kutoboa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alihamahama na jeshi lake mpaka Msumbiji na kurudi, akaja kusalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Vita ya namna hiyo inakula wabeba mizigo. Ndiyo maana haikutuachia neno la kupasua ngome. Ilituachia Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Sasa turudi mezani kwako. Baada ya vita neno liliingia maabara, kwenye mazungumzo ya amani, kwenye upelelezi, likaja mpaka kanisani, kama utakavyoona chini. Popote lilipokwenda lilibeba ukuta wake. "Mafanikio makubwa" hayana ukuta. Mtoto akipata daraja la kwanza ni mafanikio makubwa. Chama cha ushirika kikiuza korosho kwa bei nzuri ni mafanikio makubwa. Msomaji akikuta maneno hayo kwenye habari ya saratani anajua kwamba kuna watu wamefurahi, lakini hajui walikuwa wamekwama wapi.

Kiswahili sanifu chake hakipo kimoja, wala usikitafute. Uliza swali hili: imevunja nini? Jibu lake ndilo litakalokupa kitenzi.

Chukua mfano ulio hai. Jarida la Science la Marekani kila mwaka huchagua kazi moja ya kisayansi na kuitangaza Breakthrough of the Year. Mwaka 2024 ilichaguliwa lenacapavir, sindano ya kukinga VVU. Kwa agizo la mhariri wako ungeandika hivi: "Watafiti wamepata mafanikio makubwa katika kinga ya VVU." Hakuna kosa la sarufi, na hakuna habari pia. Uliza ukuta ulikuwa nini. Kinga ya vidonge ilikuwepo miaka mingi, lakini ilitaka mtu ameze kila siku. Msichana anayeishi kwa shangazi, anayeogopa kopo la vidonge lisionekane kwenye begi lake, humeza leo akaruka kesho. Sindano hii huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Kwenye jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipangiwa sindano hiyo, na matokeo yalipotangazwa hapakuwa na hata mmoja wao aliyeambukizwa. Basi andika: "Kinga ya VVU iliyokuwa ikikwamishwa na vidonge vya kila siku sasa imepata njia: sindano mbili kwa mwaka." Breakthrough imo ndani ya sentensi hiyo yote, na msomaji wa Kongwa ameielewa bila kuliona neno lenyewe.

Jihadhari pia na neno "ghafla", ambalo kamusi nyingi hulitia kwenye fasili yake. Ghafla kwa nani? Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987. Watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi walikuwa miongoni mwa waliochanjwa kwenye majaribio yake. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza itumike kwa mapana, Oktoba 6, 2021, magazeti ya Kiingereza yaliandika breakthrough, nayo yalikuwa sahihi. Lakini waliokuwa wakizunguka Korogwe na madaftari ya kufuatilia homa za watoto hawakuona kitu cha ghafla hata kidogo. Ghafla ni ya sisi tuliokuwa upande huu wa ukuta, tusiosikia nyundo.

Mwisho, kwa kuwa unaandika habari za dawa. Huko Marekani, tangu 2012, mamlaka ya dawa ya FDA ina fungu la kisheria linaloitwa Breakthrough Therapy. Dawa ikiingizwa humo maana yake ni kwamba ushahidi wa awali unaonyesha huenda ikapita kwa mbali tiba zilizopo kwa ugonjwa mzito, kwa hiyo kazi ya kuikagua itaharakishwa. Haina maana kwamba imeshaidhinishwa, wala kwamba inaponya. Ukikutana nalo liache kama jina rasmi, kisha ueleze kwa sentensi moja. Hapo "mafanikio makubwa" ni zaidi ya uvivu. Wapo watu watakaouza shamba wampeleke mgonjwa India kwa sababu ya kichwa chako cha habari.

*Mwalimu, shikamoo. Ni muuguzi kliniki ya uzazi wa mpango, Mwanza. Tuliletewa vipeperushi vilivyotafsiriwa, na kimoja kinawaambia akina mama kwamba miezi ya mwanzo wanaweza kupata "kutokwa damu kwa mafanikio". Mama mmoja aliniuliza kama hiyo ndiyo dalili kwamba dawa imekubali. Nilicheka, halafu sikucheka.*
Muuguzi, Mwanza

Marahaba. Nawe ulifanya vema kuacha kucheka, maana swali la huyo mama lilikuwa la akili kabisa. Karatasi imesema mafanikio. Yeye amesoma mafanikio.

Kiingereza chake ni breakthrough bleeding, na humo hakuna maendeleo ya aina yoyote. Homoni za kidonge au sindano huushikilia utando wa ndani wa mji wa mimba usidondoke ovyo. Pengine, hasa miezi ya mwanzo mwili ukiwa haujazoea, au mama akiwa ameruka vidonge, utando unaponyoka kidogo na damu inatoka kabla ya siku zake. Damu ndiyo iliyopenya. Ukuta ulikuwa wa dawa.

Watabibu wa Kiingereza wana kawaida hiyo, na ukishaigundua utaiona kila mahali. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa saa zake, halafu katikati ya dozi maumivu yanamfumukia, wao huyaita breakthrough pain. Mtu aliyechanjwa kikamilifu, kisha virusi vikampata hivyohivyo, wakati wa UVIKO-19 tulikuwa tunasoma breakthrough infection. Mara zote tatu anayevunja ni adui, na boma ni letu. Ni picha ileile ya vita, ila mara hii sisi ndio tuliomo ndani ya handaki.

Kwa kipeperushi chenu, fungia neno breakthrough kabatini, andika wanavyosema akina mama wenyewe: "Miezi ya mwanzo unaweza kuona matone ya damu kabla ya siku zako." Kisha ongeza sentensi ambayo mtafsiri aliisahau kwa kuhangaika na mafanikio: damu ikiwa nyingi, au isipokoma, rudi kliniki. Maumivu yaite "maumivu yanayozuka kati ya dozi". Na kwa chanjo, Kiswahili kilikuwa na neno tayari, dogo na jepesi: "ameambukizwa licha ya kuchanja". Hiyo "licha ya" imebeba ukuta wote na tundu lake.

Waliotafsiri wapigieni simu. Si lazima kwa ukali.

*Hujambo Mwalimu? Hapa Nairobi kanisani kwetu mwaka huu umetangazwa kuwa mwaka wa breakthrough. Kila Jumapili mtu anasimama kushuhudia amepokea breakthrough yake: kazi, visa, mchumba. Vijana wangu nyumbani wanasema fulani "ameomoka". Dada yangu aliyeolewa Arusha anasema huko ni "kutoboa". Haya yote ni kitu kimoja? Na je, Mwingereza akinisikia nikisema "I have received my breakthrough" atanielewa?*
Mama wa watoto watatu, Nairobi

Sijambo, dada yangu. Nianze na Mwingereza kwa sababu ndiye mwepesi. Atakuelewa nusu, kisha atakuuliza: kwenye nini? Kwake breakthrough hutokea ndani ya kazi fulani: utafiti, mazungumzo, kesi, pengine fani ya mwigizaji aliyepata filamu iliyomtambulisha. Na husema mtu ame-make breakthrough. Kuipokea kama mgeni aliyepiga hodi si kawaida yake. Hiyo ya kupokea, na ya kuiita "yangu", ni ya Kiingereza cha wahubiri, kuanzia Afrika Magharibi mpaka huku kwetu. Siiti makosa. Lugha iliyovuka bahari ina haki ya kuota matawi, na watu milioni kadhaa wakielewana kila Jumapili mimi ni nani niwakatize?

Wahubiri nao hawakulitoa hewani. Daudi alipowapiga Wafilisti, Samweli wa Pili sura ya 5 mstari wa 20, akapaita mahali pale Baal-perasimu, na Biblia moja ya Kiingereza ya karne iliyopita, New King James, imeandika hapo kwamba Bwana aliwavunja adui zake "like a breakthrough of water". Fungua sasa Biblia ya Kiswahili ya Union Version mstari huohuo. Huko utakuta mafuriko: maadui wamefurikiwa. Watafsiri wetu walitazama maji, hawakutazama ukuta, na kwa mtu aliyewahi kuona Tana au Rufiji ikiacha mkondo wake, picha imekamilika. Siku mchungaji wako akitaka kuhubiri hilo kwa Kiswahili kitupu, anayo furika ya kumtosha.

Sasa kutoboa. Hapa ndipo ninapofurahi. Vijana wa Dar es Salaam na Arusha wanaosema "mwaka huu lazima nitoboe" hawakutafsiri kutoka popote, ila wamefika palepale: pana kitu kizito kati yangu na maisha ninayoyataka, nami nitakipasua nitokee ng'ambo. Wana na kutusua pia, kwa maana hiyohiyo. Kuomoka kwenu ni jirani yao, ingawa masikioni mwangu kunanukia fedha zaidi. Mtu anaweza kutoboa kimuziki akabaki na madeni, lakini aliyeomoka tunatazamia gari.

Tofauti yao na breakthrough ya Kiingereza cha Uingereza ni kwamba kutoboa kunamhusu mtu na maisha yake, wala si kazi yake. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mererani, aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.7 na ushee. Tanzania nzima ilisema katoboa, na kweli alikuwa ametoboa mwamba kwanza. Magazeti ya Kiingereza yalimwita milionea wa usiku mmoja. Sikumbuki lililosema amefanya breakthrough, na ningeshangaa kuliona: kwa Kiingereza ile ni bahati iliyoandamana na jasho. Kama angevumbua namna mpya ya kuchimba, hapo lingemfaa.

Kwa hiyo kijana wako akitoboa, mwambie Mwingereza "he has made it". Na kanisani shuhudia kama wanavyoshuhudia wenzako.

*Naomba msaada. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinikosoa nilipoandika "The scientists breakthrough the problem" na pia "They did a breakthrough". Sikuelewa kosa ni lipi.*
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Songea

Yako mawili. Breakthrough ikiandikwa pamoja ni nomino, au husimama mbele ya nomino kuipamba. Ukitaka kitenzi lazima uitenganishe, na hapo break inabadilika na nyakati: broke through, has broken through. Matatizo ya kisayansi hata hivyo Kiingereza hupenda kuyatatua; kinachopenywa ni safu, ukuta, umati, mawingu.

La pili: nomino hii haiendi na do. Huenda na make au achieve. Inahesabika pia, kwa hiyo a breakthrough, two breakthroughs. Mkazo wa sauti uweke kwenye break, na hiyo gh ya mwisho iache ilale, haitamkwi. Mpe mwalimu wako shikamoo yangu.

*Mwalimu, mimi ni mkalimani wa mikutano, Arusha. Kwenye kibanda sina muda wa kuuliza ukuta ni upi. Mjumbe akisema "we have a breakthrough in the talks" nina sekunde mbili. Nisemeje?*
Mkalimani, Arusha

Sema "mazungumzo yamekwamuka". Maneno mawili, na pumzi itakubakia.

Najua wapo watakaosema "muafaka umepatikana". Subiri. Wazanzibari watakuambia muafaka ni karatasi iliyotiwa saini, na wanajua pia kwamba karatasi inaweza kutiwa saini mambo yakabaki yamekwama. Breakthrough huja kabla ya saini, ni ile saa gogo lilipotoka mtoni.

Mfano wake ninaoukumbuka vizuri ni wa Kenya mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi. Wajumbe wa pande mbili walikuwa wamekaa wiki kadhaa chini ya msuluhishi Kofi Annan, na mwishoni mwa Februari meza ikagota kabisa. Annan akawasimamisha wajumbe, akawaendea wakubwa wenyewe, Mwai Kibaki na Raila Odinga. Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, naye akaingia chumbani. Februari 28 wakatoka nje, mbele ya Harambee House, wakatia saini hadharani. Saini ile ndiyo muafaka. Breakthrough ilikuwa kule ndani, dakika ambayo hatukuoneshwa. Wakalimani wa siku ile, kama walikuwepo, walihitaji maneno yote mawili kwa zamu yake.

Polisi wakisema wamepata breakthrough kwenye upelelezi, ni kukwamuka pia, au "upelelezi umefunguka". Usiseme kesi imetatuliwa. Mara nyingi wana simu moja iliyowashwa mahali, basi.

*Salaam. Bosi wetu kila kikao anasema kampuni itafanya "quantum leap". Ndiyo breakthrough kubwa zaidi?*
Karani, Mombasa

Wa alaykum salaam. Bosi wako anataka kusema mruko mkubwa mno, na Kiingereza cha ofisini kinamruhusu. Wanafizikia ndio wanaocheka pembeni, kwa sababu mruko wanaoujua wao, tangu Niels Bohr alipoeleza atomu mwaka 1913, ni wa elektroni kutoka ngazi moja ya nishati kwenda nyingine ndani ya atomu. Ni mdogo usioonekana kwa jicho. Kwa maelezo ya Bohr hauna hatua za katikati: leo hapa, mara pale. Lakini hauvunji ukuta wowote, kwa hiyo si breakthrough, kubwa wala ndogo. Ukiandika kumbukumbu za kikao weka "kupiga hatua kubwa kwa mara moja". Kama bosi ni mtu wa mzaha mwulize elektroni ilipanda ngazi au ilishuka. Kama si mtu wa mzaha, nyamaza.

*Watangazaji wa mpira siku hizi: "Timu imepata breakthrough dakika ya 78!" Kwani bao limekufa?*
Shabiki mwenye hasira, Morogoro

Bao halijafa. Wanachotaka kusema ni bao la kwanza, lile lililokuwa likitafutwa kwa muda mrefu mbele ya mabeki waliojazana. Na kati ya watu wote walioniandikia mwezi huu, watangazaji wa mpira ndio wenye udhuru mdogo kuliko wote, maana wao wenyewe kila wiki wanatuambia ngome imepenywa, ukuta wa mabeki umepasuka, kipa ameokota mpira wavuni. Anayeweza kusema hivyo kwa pumzi moja anakopa breakthrough ya nini?

Msomaji wa Lindi aliyeuliza kuhusu milestone, na kwa nini wafadhili wa mradi wake wanataka "milestones" kumi kwenye ripoti ya kurasa sita: barua yako ninayo, inasubiri toleo lijalo. Wa Bukoba, mwandiko wako umenishinda ukurasa wa pili. Niandikie tena, kwa kalamu nyeusi tafadhali.